Sura ya Saba: Mkono Kwanza, Waya Baadaye

Kontrola haina sauti. Ukiigonga bila kuiunganisha na kitu utasikia mlio wa plastiki au wa ubao, basi. Kazi yake ni kuchukua tendo la mwili, kidole kinachobonyeza, kiganja kinachopiga au mguu unaokanyaga, na kuligeuza kuwa namba zinazoingia kwenye kompyuta. Sauti zenyewe zinakaa huko kwenye kompyuta. Ndiyo maana mtu asiyeweza kuthubutu kutengeneza kinanda anaweza kabisa kutengeneza kontrola akiwa nyumbani kwake: kazi ngumu ya kuzalisha sauti wameshaifanya wengine, yeye anabakiwa na kazi ya mkono.

Wengi wanaoanza huikimbia hiyo kazi ya mkono. Hukimbilia bodi ya saketi, hukimbilia programu, hujaza meza waya, na mwishoni hupata kiboksi chenye vitufe 16 kinachofanana na kile walichokiona dukani, ila kibovu zaidi. Sura hii itakwenda kinyumenyume. Tutaanza na mkono, tufike kwenye waya tukiwa tumeshajua tunachokitaka.

Kwanza suala la hela. Usitengeneze kontrola kwa kutaka kubana matumizi. Jumlisha bei ya bodi, vitufe, diodi, gharama ya kifurushi kinachopanda basi Dar es Salaam hadi Tukuyu, na zile sehemu utakazounguza ukijifunza; kontrola ndogo ya dukani unaweza kuipata kwa bei hiyohiyo, tena na dhamana juu. Tatizo la ile ya dukani ni kwamba imeshaamuliwa na mtu mwingine. Mpangilio wa miraba 16, minne kwa minne, ulienezwa na mashine ya Akai MPC60 iliyosanifiwa na Roger Linn na kutoka mwaka 1988, na hadi leo kontrola nyingi zinaunakili. Hakuna kitu katika mkono wa binadamu kinachodai miraba 16. Vivyo hivyo na vile vifunguo vyeupe na vyeusi vilivyopangwa kama piano: vinamfaa aliyekua na piano.

Pwani yetu imeshaonyesha namna ya kuamua upya. Vikundi vya muziki wa mchiriku vya Dar es Salaam vilichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwingine vilihesabiwa kuwa vya watoto, vikavipitisha kwenye vipaza sauti vilivyofunguliwa mpaka mwisho, ngoma zikiunguruma pembeni. Ukitaka mfano, sikiliza Jagwa Music katika albamu ya Bongo Hotheads ya mwaka 2012. Kile kinanda kinapigwa kwa kasi na kwa kurudiarudia, hakiigizi piano hata kidogo. Baadaye muziki wa singeli ukachukua hamu hiyohiyo ya kasi na kuiingiza kwenye kompyuta. Katika studio ya mtayarishaji Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, ambako ndiko ilikotoka albamu ya mkusanyiko Sounds of Sisso mwaka 2017, chombo kilikuwa kompyuta. Jukwaani, ma-DJ wengi wa singeli hupigia kibodi ya laptopu yenyewe: programu ya Virtual DJ imefunguliwa, vidole vinadunda kwenye herufi, wimbo unakatwa na kurudishwa nyuma kabla msikilizaji hajajua umefika wapi. Herufi zimekuwa ngoma. Hakuna aliyewauzia kontrola ya singeli. Walichukua kilichokuwa mezani.

Congo kuna mfano wa zamani zaidi. Mingiedi Mawangu, mwanzilishi wa Konono No. 1 ya Kinshasa, alitaka likembe yake isikike juu ya makelele ya mji. Likembe ni ndugu wa marimba ya mkono. Akatengeneza vinasa vyake kwa sumaku zilizotolewa kwenye alteneta za magari makuukuu, akaviunga na vikuza sauti. Mkwaruzo uliotokea hakuuondoa. Albamu ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, ule mkwaruzo uliwavutia wasikilizaji wa Ulaya waliozoea muziki wa kompyuta. Na Kampala yupo Brian Bamanya, ajulikanaye kama Afrorack, aliyejiundia sintesaiza ya vipande vipande, bodi moja baada ya nyingine, kwa sababu zile za kuagiza nje hazikushikika kwa bei. Mwaka 2022 akatoa albamu iliyobeba jina hilohilo. Hao wawili ni watengenezaji wa sauti, nimewaleta hapa kwa sababu moja tu: kila mmoja alianza na kile alichotaka kisikike, kisha akatafuta sumaku au transista ya kukifikia.

Sasa tuseme meza yako iko Matwebe, kata ya Wilaya ya Rungwe. Una laptopu ya mtumba, sabufa, na pasi ya kuchomea risasi uliyoirithi kwa fundi redio. Umekua ukiisikia ing'oma ya Wanyakyusa, ngoma kubwa na ndogo kwa pamoja, na unataka kupiga midundo ya namna hiyo juu ya singeli uliyoitengeneza mwenyewe. Mkono wako unajua nini?

Unajua, kwa kuanzia, kwamba katikati ya ngozi ndiko kwenye sauti nzito, na ukingoni sauti inakuwa nyembamba na kali. Kontrola ya dukani haijui hivyo. Mraba wake mmoja ni sauti moja. Inachopima ni nguvu ya kipigo, si mahali kilipotua. Basi hapo tayari una sababu ya kutengeneza: unataka eneo moja pana la kupigia, ambalo kiganja kikisogea, sauti inabadilika. Chukua boksi la katoni, lifungue, lilaze mezani. Weka wimbo. Piga juu ya katoni kwa dakika kumi bila waya wowote, na mtu akurekodi mikono kwa simu. Ukiitazama ile video utaona mambo ambayo usingeyakubali kama ungeambiwa kwa mdomo: mkono wa kushoto haufiki upande wa kulia kamwe, kidole gumba kinapumzika mahali palepale, kiganja kinapiga eneo kubwa kuliko mraba wowote wa dukani. Chora alama pale mikono ilipotua. Mchoro huo ndio usanifu wako. Ukiwa unapiga kwenye sherehe za usiku, zima taa na urudie. Kitu usichoweza kukipata gizani kwa kupapasa hakina nafasi kwenye kontrola hiyo. Vizibo vya soda vilivyobandikwa kichwa chini, kifungo cha shati, kipande cha msasa, vyote ni alama nzuri za vidole na havigharimu kitu.

Kasi nayo iingie kwenye mahesabu mapema. Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwenye mapigo 300, pigo moja linachukua milisekunde 200, na ukiligawa mara nne, kila kipigo kina milisekunde 50. Namba hiyo, 50, iandike ukutani, maana kila kitu kinachochelewesha kitaila. Kuna ucheleweshaji usiohusiana kabisa na ufundi wako wa kuunga: kompyuta hukusanya sauti kwenye akiba kabla ya kuitoa, na akiba ikiwekwa sampuli 1,024 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, tayari umepoteza milisekunde 23. Ishushe hadi 256 na inabaki kama 6. Nimeona watu wanabomoa kontrola nzima wakitafuta uchelewevu uliokuwa kwenye mpangilio wa programu.

Tukubaliane pia na lugha ambayo namba hizo husafiri nayo. MIDI ilionyeshwa hadharani Januari 1983 huko California, kinanda cha Sequential na cha Roland vikiunganishwa kwa waya mmoja, makampuni mawili hasimu ya Marekani na Japani. Kila noti inayopigwa hutumwa kama namba tatu: ya kwanza inasema ni tendo gani na ni chaneli ipi kati ya 16, ya pili ni noti ipi, ya tatu ni nguvu ya kipigo. Noti na nguvu zote zinaanzia 0 hadi 127. Kwenye waya wa zamani wa pini tano ujumbe mzima huchukua karibu milisekunde moja, kwa hiyo MIDI yenyewe haikucheleweshi. Inachokubana ni fikra. Waliobuni lugha hii walikuwa watu wa vinanda, na noti zake zimekaa kwenye ngazi ya piano. Ilimba ya Wagogo, ile aliyoitembeza duniani marehemu Hukwe Zawose, haikai kwenye ngazi hiyo. Njia ya kupenya ipo: ujumbe wa kupinda noti una hatua 16,384, na kwa kawaida unapanda au kushuka nusu-toni mbili. Kontrola yako inaweza kutuma mpindo kidogo kabla ya kila noti, sauti ikakaa pale unapotaka wewe. Lakini mpindo unainamisha chaneli nzima, hivyo noti mbili zinazolia pamoja zinahitaji chaneli mbili.

Kuna njia ya kuanza isiyodai bodi wala programu. Tafuta kibodi ya USB iliyokufa funguo chache, ifungue. Ndani kuna karatasi mbili za plastiki zenye njia za umeme, na bodi ndogo ya saketi pembeni inayotafsiri. Usijaribu kuchomea risasi kwenye plastiki, itayeyuka. Chomea kwenye ile saketi ndogo, pale karatasi zilipokuwa zinagusa. Kwanza kwaruza rangi nyeusi ya kaboni mpaka shaba ionekane. Kwa kugusanisha waya mbilimbili utajua jozi ipi inaandika herufi gani. Andika jedwali. Sasa swichi yoyote unayoipenda, ya ukutani, ya kengele, ya mashine ya michezo, inaweza kuwa herufi, na herufi inaweza kuwa amri ndani ya Virtual DJ. Utakuwa umetengeneza kontrola kwa gharama ya kibodi mbovu. Ubaya wake: haijui nguvu ya kipigo, na ukibonyeza vitu vitatu kwa pamoja mara nyingine inachanganyikiwa.

Kuchanganyikiwa huko kuna sababu, na ukiielewa umeelewa nusu ya ufundi huu. Vitufe 16 vikipewa kila kimoja waya wake ni waya 16 na wa ardhi. Ukivipanga vinne kwa vinne, mistari na nguzo, waya nane zinatosha: bodi inawasha mstari mmoja baada ya mwingine na kuuliza nguzo nani amebonyezwa. Lakini ukibonyeza pembe tatu za mstatili, umeme unazunguka kwa mlango wa nyuma na pembe ya nne inaonekana imebonyezwa pia. Dawa ni diodi moja, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila kitufe, zile ndogo za kioo chekundu zenye namba 1N4148, zote zikielekea upande mmoja. Zimejaa kwenye bodi za redio zilizotupwa.

Kwa ile meza ya ing'oma, hata hivyo, vitufe havitoshi. Unahitaji piezo: kisahani cha shaba chenye duara jeupe katikati, kile kinacholia tii-tii kwenye saa ya mezani au king'ora kidogo. Kikipewa umeme hutoa mlio, na kikipigwa hutoa umeme. Kibandike chini ya ubao. Kipigo kikali kinaweza kuzalisha makumi ya volti kwa kufumba na kufumbua, na bodi ya Raspberry Pi Pico haivumilii zaidi ya volti 3.3, kwa hiyo usiunge moja kwa moja. Weka rezista ya megaomu 1 sambamba na piezo, rezista nyingine ya kiloomu 10 njiani, na diodi mbili zinazomwaga ziada, moja kwenye umeme wa juu, nyingine ardhini. Fundi anayeruka hatua hii ataizika bodi kabla ya wimbo wa kwanza.

Pico ilitoka mwaka 2021 kwa dola 4. Hadi ifike Mbeya bei huwa si hiyo tena, lakini bado ni bodi ya kufaa, na kompyuta inaweza kuitambua kama chombo cha MIDI bila kifaa cha kati. Ina milango mitatu tu ya kupimia volti. Ukihitaji zaidi, chipu ya 4051 inafungua mlango mmoja kuwa minane kwa zamu. Bodi ya Arduino Leonardo nayo inafaa. Arduino Uno, ambayo ndiyo imejaa zaidi mitaani, haijitambulishi kama MIDI kwenye USB bila kuichokonoa, basi muulize muuzaji vizuri kabla hujalipa.

Weka piezo mbili chini ya ubao mmoja, ya katikati na ya ukingoni. Kila kipigo kitafika kwa zote mbili, ila kwa nguvu tofauti, na uwiano wa namba hizo mbili unakuambia kiganja kilitua wapi. Hapo ndipo ile sauti nzito na nyembamba inarudi mkononi mwako. Programu iandikwe hivi: namba ikivuka kizingiti, subiri kama milisekunde 2 ukitafuta kilele, tuma noti, kisha ziba masikio kwa milisekunde 20 hivi ili mtetemo unaobaki usihesabiwe kama kipigo kingine. Ukiziba kwa 50, kumbuka namba ya ukutani: utakuwa umekimeza kipigo kizima. Ukiziba kwa 5, kipigo kimoja kitalia mara mbili. Namba sahihi inategemea ubao wako, na inapatikana kwa kupiga na kusikiliza tu. Vitufe vya kawaida navyo hurukaruka vinapogusana, ila kwa milisekunde chache.

Meza ikiwa na mbao mbili za kupigia, zitasikiana. Piga ya kushoto, ya kulia inajibu. Watu huhangaika na programu wakati dawa iko chini ya kitanda: kata ndala kuukuu, weka vipande vya mpira chini ya kila ubao usiguse fremu. Bomba la ndani la tairi la baiskeli linafaa pia. Mtetemo unakufa kwenye mpira.

Fremu iwe ya mianzi. Sisemi hivi kwa ajili ya mapambo. Rungwe mianzi ipo, Wanyakyusa wamejengea nyumba kwa vizazi na vizazi, mwanzi ni mwepesi kubeba begani na hauna chuma cha kugusana na saketi. Uwe umekauka vizuri na umetibiwa, la sivyo bungua ataila kontrola yako kutoka ndani huku ukisikia unga unadondoka. Mwanzi ulio mzima pia unakupa njia ya kupitishia waya. Mahali pa kuweka bodi, tumia kopo la plastiki lenye mfuniko.

Na hapa ndipo vitabu vya nje havikusaidii. Maeneo ya Tukuyu, hukohuko Rungwe, hupata mvua ya milimita 2,000 na zaidi kwa mwaka, na ukungu unaoingia ndani hauhitaji mlango. Shaba inageuka kijani. Zile volyumu za kuzungusha zinaanza kukwaruza, na kwenye kontrola mkwaruzo huo hausikiki kama kelele, unaonekana kama namba zinazorukaruka zenyewe kati ya 63 na 64 wakati hujagusa kitu. Sehemu ya dawa ni programu: isitume namba mpya mpaka badiliko lizidi hatua mbili tatu za kipimo. Sehemu nyingine ni rangi ya kucha isiyo na rangi. Ukishamaliza kuunga na kujaribu, paka juu ya viungio vyote vya risasi, acha soketi na sehemu za kugusana. Inakauka haraka, inazuia unyevu, na ukihitaji kurekebisha unaichoma tu kwa pasi, ila fungua dirisha kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kontrola haitajua. Inakula chini ya miliampea 100 kutoka kwenye USB, na laptopu ikiwa na betri nzima itailisha kwa saa kadhaa. Itakayonyamaza ni sabufa. Radi zikianza kupiga, chomoa chaja. Kuna faida nyingine ya kufanya hivyo, kwamba ule mngurumo unaoingia kwenye spika kupitia chaja yenye pini mbili unatoweka.

Imebaki hatari moja ambayo haina diodi yake: kurekebisha bila kukoma. Michel Waisvisz, mwanamuziki wa Uholanzi aliyefanya kazi katika taasisi ya STEIM, Amsterdam, alitengeneza mwaka 1984 chombo alichokiita The Hands, vifaa viwili vya kuvaa mikononi vyenye vitufe na vihisi. Alikuwa na wahandisi karibu, angeweza kukibadilisha kila wiki. Badala yake alifika mahali akasimamisha marekebisho kwa muda mrefu ili ajifunze kukipiga. Kwa mtengenezaji wa nyumbani kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa sababu pasi ya moto iko palepale na kila onyesho linafichua kitu cha kurekebisha. Weka daftari. Kila kasoro iandikwe na tarehe, usiiguse. Baada ya miezi michache soma daftari lote kwa mkupuo: utakuta kasoro nyingi mkono ulishazizoea, ubao wa kushoto usioitika vizuri pembeni umeshaanza kupigwa katikati bila wewe kujua, na zinabaki mbili au tatu zinazostahili kufungua kopo. Mara nyingi mojawapo ni soketi ya USB. Ile ndogo iliyo kwenye bodi imeshikwa na risasi kidogo mno, na mtu mmoja akijikwaa kwenye waya, inang'oka na kipande cha shaba. Funga waya kwenye fremu ya mwanzi kwa mpira au kamba, sentimita chache kabla haujafika kwenye soketi, uache ulegee kidogo hapo katikati.